Jirani ameunakili mchoro wa kofia yangu: je, ni haramu?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni mshonaji wa kofia za viua, hapa Unguja. Nilibuni mchoro wangu mwenyewe, sikuutoa kwa mtu. Jirani akaazima kofia moja kwangu aitazame, kumbe akaunakili mchoro wote, na sasa anauza kwa bei ya chini kwa mwenye duka yule yule ninayempelekea mimi. Huyo mwenye duka naye kaupeleka mchoro kwa wenye mashine, na kofia zao anawauzia watu akisema ni za mkono. Shangazi yangu aliyenifundisha kazi ananiambia niache choyo, kofia zote ni za kuigana. Wenzangu wengine wanashona kwa kujificha, hawamwoneshi mtu mpaka kofia iuzwe. Nani yuko sawa? Na naweza kukataa kuwafundisha wasichana wanaokuja kwangu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Shangazi yako ana hoja, na nzito. Hakuna aliyejua kushona ila kwa kuiga. Kutoboa kiua, kukizungushia uzi mpaka kikaze, kupanga nafasi ili duara lisipinde: haya hayana mwenyewe. Na michoro ya zamani, iliyoshonwa miaka na miaka hapa Unguja, Lamu, hata Oman kwenye kumma, kofia zao, hakuna wa kusimama leo akadai ni yake. Swahaba Abu Dharr r.a. alipomuuliza Mtume s.a.w. juu ya amali bora, miongoni mwa aliyoambiwa ni kumsaidia fundi, au kumfanyia kazi asiyeiweza. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Basi wasichana wafundishe, na ujira ukitaka chukua, ni halali yako. Ukiwa na udhuru huna dhambi kukataa. Lakini kuwakatalia kwa hofu kwamba watakula riziki yako, hilo sikushauri kabisa, kwani riziki yako imeshaandikwa.

Mchoro uliobuni mwenyewe una hukumu nyingine, na hapo wanazuoni wamekhitilafiana. Khitilafu inaanzia mbali: je, manfaa, yaani faida isiyoshikika kwa mkono, kama ubunifu wa mchoro, ni mali? Kwa wanazuoni wa zamani wa madhehebu ya Hanafi, mali ni kitu kinachoshikika na kuwekwa akiba. Kwa Shafi, Maliki na Hanbali, manfaa yenyewe ni mali. Wako wanazuoni wa Bara Hindi walioona kwamba aliyenunua kitu ana ruhusa ya kutengeneza mfano wake. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni kutoka nchi nyingi, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni za wenyewe, zina thamani ya mali kwa desturi ya zama hizi, na haijuzu kuzivamia. Mimi nafuata kauli hii, na naona mchoro mpya wa fundi unaingia humo. Ila jipime kwa haki. Ua la zamani na nyota ya zamani ukizipanga upya, kilicho chako ni ule mpango, si ua wala nyota. Waulize washonaji wakubwa waliopitiwa na kofia nyingi mikononi. Wao watakwambia kipi kipya.

Ama jirani yako, kinachonisumbua zaidi ya kuiga ni amana. Angeiona kofia ile kichwani mwa bwana harusi, akaenda kujaribu nyumbani kwake, ningemwonea wepesi. Lakini aliomba kutazama, nawe ukampa atazame. Idhini yako ilikuwa na mpaka, naye akauvuka. Hata hivyo usimtangaze mtaani. Mwendee nyumbani, wawili tu, umwambie lililokuuma, kisha mkubaliane: ama auache mchoro, ama aushone kwa ridhaa yako akupe kitu, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Ukimsamehe bila malipo, ujira wako uko kwa Allah.

Wanaoshona kwa kujificha nao hawana kosa. Sheria haikumlazimisha mtu kuonesha kazi ambayo bado haijauzwa.

Kwa mwenye duka nasema kwa ukali, kwa sababu hapa hakuna khitilafu. Mtume s.a.w. alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akamwambia, kwa nini hukuuweka juu watu wauone? Anayeghushi si katika mimi. Ameipokea Muslim. Kofia ya mashine ni halali kuuzwa, iitwe ya mashine, kwa bei yake. Anayeiita ya mkono anakula mali ya mnunuzi kwa uongo, hata kama mnunuzi ni mgeni wa siku moja na si Muislamu. Ukitaka kuijua, igeuze ndani nje: uzi wa chini wa mashine unaonekana umepita mgongoni mwa kitambaa. Mnunuzi akigundua, ana haki ya kuirudisha na kupewa fedha yake.

Wewe umeshajua, basi usinyamaze. Mnasihi kwa maneno mazuri, azitenganishe kofia na kila moja aitaje kwa ukweli wake. Akikataa, acha kumpelekea kazi yako, maana kofia zako za kweli zikikaa rafu moja na zile ndizo zinazowafanya wateja wamwamini. Tafuta duka jingine, na Allah atakufungulia.

Wallahu aalam.