Serotonini haisomwi kiganjani

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mdogo wangu wa kike, miaka 24, amepewa fluoksetini kwa sonona. Hii ni wiki ya pili, bado usingizi hauji wala hacheki. Jirani akampeleka duka moja la dawa za lishe, akashikishwa kijiti cha chuma, mashine ikatoa karatasi: serotonini asilimia 38, dopamini asilimia 41. Wamemuuzia kopo la unga kwa shilingi 85,000 na kumwambia aache vidonge, eti vinachosha ubongo. Tufanyeje? (Dada mtu, Chake Chake)

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Vidonge asiache, na unga huo msimpe.

Karatasi kama hizo naletewa kila mara, zina nyekundu na kijani, utadhani matokeo ya mtihani wa skuli. Kinachonichosha zaidi ya mashine yenyewe ni fikra iliyo nyuma yake: kwamba ubongo una tangi la serotonini, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana ujumbe kwayo, likipungua unajaza. Tangi hilo halipo. Seli ya neva humwaga kemikali hiyo kidogo mno kwenye mwanya ulio baina yake na jirani yake, mwanya wa nanometa 20 hivi. Unywele wako ni mpana kuliko huo mara elfu kadhaa. Kemikali huvuka, hugusa kipokezi, yaani sehemu ya seli ya ng'ambo inayopokea ujumbe, kisha hufyonzwa irudi ilikotoka au huvunjwa hapo hapo. Na maana ya ujumbe anaiamua anayeupokea. Asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe, ile ile inayokaza msuli wa mkono ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Hilo la moyo mwanasayansi Otto Loewi alilionesha mwaka 1921: alichochea neva ya moyo wa chura mpaka ukaenda polepole, akachukua maji yaliyokuwa na moyo huo akayatia kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza kasi. Ilimbidi ampasue chura aufikie moyo. Hawa wetu wanashika kiganja tu, wamemaliza!

Kijiti kinasoma nini? Jasho, labda. Hata damu isingetwambia kitu, maana asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili iko matumboni, na ile ya kwenye damu haivuki ukuta unaoulinda ubongo.

Fluoksetini haijazi chochote. Inaziba njia ya kufyonzea, serotonini ikawahi kukaa zaidi mwanyani. Njia inazibika ndani ya saa chache, lakini seli huchukua muda kujirekebisha, ndiyo maana nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, wengine hata 6. Wachuuzi wanakula katika wiki hizo hizo. Mgonjwa amekata tamaa, wao wanamsubiri na karatasi mkononi.

Kwa umri wake, wiki hizi za mwanzo mwangalieni kwa karibu. Akihangaika kuliko kawaida au akizungumzia kujidhuru, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kopo. Likiwa na unga wa muhogo, mmepoteza 85,000 na yamekwisha. Mimi naogopa likiwa na kitu kinachofanya kazi kweli. Viko vitu vinavyogeuka serotonini mwilini, na vikikutana na fluoksetini huleta kutetemeka, jasho, homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wanauziana kama peremende, nayo inapandisha serotonini, na pamoja na fluoksetini huongeza hatari ya degedege. Kuna dawa za mafua na za kikohozi zenye mchezo huo huo. Bado sijakutana na mwenye kijiti aliyemuuliza mteja wake, "Unakunywa dawa gani nyingine?" Swali halina gharama hata senti, ila jibu lake lingemharibia biashara.

Kopo msilitupe. Lipelekeni kwa aliyemwandikia vidonge, na kama ameshalamba hata kijiko kimoja, mwambieni ni siku gani.