Jibu: Kugawa vyandarua 5,000 ni mafanikio?

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu kiandike vyandarua 5,000 mlivyogawa kuwa mafanikio. Bado. Hiyo ni kazi iliyofanyika. Mafanikio ni idadi ya watu wanaolala ndani yake miezi 6 baadaye. Kosa kubwa ni kukosa takwimu za mwanzo. Ulizeni kaya na mhesabu wagonjwa wa malaria kabla ya kugawa chochote, kisha rudieni maswali yaleyale, kwa kaya zilezile, msimu uleule. Mkipima mara ya kwanza wakati wa mvua na mara ya pili kiangazi, malaria itaonekana imepungua hata kama vyandarua bado vimekunjwa kabatini.

Tazama kampeni ya kutokomeza mnyoo wa Guinea (humwingia mtu kwa maji machafu ya kunywa) inayoongozwa na Carter Center, shirika la hisani la Marekani. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kufika milioni 3.5, mwaka 2023 walikuwa 14. Vichujio vya maji viligawiwa kwa wingi, lakini kipimo ni wagonjwa.

Fedha zilizochangwa msiziweke kabisa kwenye mafanikio (hili linapotosha vikundi vingi mno). Na mkichimba kisima, rudini baada ya mwaka: maji yanatoka? Vipuri vya pampu anavyo nani?