FUNDI ANAJIBU: PS4 ya sebuleni haioni diski ya chumbani

Hela za korosho zikishaingia na maswali ya vifaa yanaingia, ndo kawaida ya huku kwetu kusini. Safari hii mengi yanahusu diski ya mtandao, ile wataalamu wanaiita NAS, na jinsi ya kuiunga na mashine ya gemu ili muvi zitoke kwenye tivi. Naanza na la msomaji wa Shangani maana ameeleza vizuri mpaka nimejua shida yake bila kufika kwake, hao wengine nitawapitia harakaharaka.

Swali: Fundi shikamoo. Niko Shangani hapa Mtwara. Nimenunua diski ya mtandao iliyotumika, TB 2, ile inachomekwa kwenye rauta, nimejaza muvi na katuni za watoto. Nataka tuangalie sebuleni kupitia PS4. Rauta ya laini iko sebuleni, afu chumbani nimeweka rauta nyingine ya zamani, nimeiunga kwa waya kutoka ile ya sebuleni kwasababu waifai ilikua haifiki, na diski nimeichomeka kwenye hiyo ya chumbani. Laptopu nikiwa chumbani inaona kila kitu. PS4 sebuleni haioni chochote, ila nilivyoihamishia chumbani ikaona! Na hata huko muvi nyingine zinacheza, nyingine inagoma kuzifungua, moja inatoa picha bila sauti. Fundi mmoja ameniambia diski mbovu ninunue mpya. Shemeji yangu nae anasema hata ikikubali itanimalizia bando. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usinunue diski, hiyo yako nzima.

Shemeji tummalize kwanza. Muvi ikitoka kwenye diski kwenda PS4 inapita kwenye rauta yako tu, inaingia mlango huu inatokea ule, haiendi kwenye mnara, kwaiyo haili bando hata MB moja. Unaweza ukatoa laini kabisa kwenye rauta na muvi ikaendelea. Si mnakumbuka Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, mwenye diski yake nyumbani alikua anaangalia tu. Bando utalitumia mara moja wakati wa kudaunilodi Media Player, apu ya kuchezea muvi kwenye PS4, na hiyo naona tayari unayo.

Sasa PS4 kuona diski ikiwa chumbani na kutoiona ikiwa sebuleni, hapo ndo umenipa jibu lenyewe. Maana yake diski imewashwa huduma ya DLNA, ndo lugha ambayo mashine za gemu zinaongea na diski. (Kuna wengine laptopu inaona ila PS4 haioni popote pale, nyie ingieni kwenye setingi za diski muwashe seva ya midia na muichagulie folda za kuonesha. Laptopu yenyewe inapita kwenye folda ya kushea ya kawaida, na PS4 haijui kabisa njia hiyo.) Kwako wewe huduma ipo, tatizo una mitandao miwili ndani ya nyumba moja bila kujua. Rauta ukiichomeka waya kwenye ule mlango wake wa intaneti, ule unaokaaga peke yake una rangi tofauti na mingine, yenyewe inaamini iko mpakani, inajenga mtandao wake na kufunga geti. Vilivyo ndani yake vinaweza kutoka nje, ndo maana laptopu yako chumbani inapata intaneti vizuri tu, ila vya nje havioni ndani. Na DLNA inavyofanya kazi ni kwamba PS4 inapiga kelele kwenye mtandao mzima "kuna seva yoyote hapa?", inapigia kwenye anwani maalum 239.255.255.250, na ile kelele haivuki rauta. PS4 inaita sebuleni, diski iko chumbani nyuma ya geti, haisikii.

Kama huniamini angalia anwani za IP, zile namba ambazo kila kifaa kinapewa kwenye mtandao. Kwenye PS4 ingia Setingi, sehemu ya mtandao, ufungue hali ya muunganisho. Afu angalia na ya laptopu ukiwa chumbani. Ukikuta moja inaanza 192.168.1 na nyingine 192.168.0, au namba zozote ambazo makundi matatu ya mwanzo hayafanani, basi ndo hivyo.

Dawa ni kuigeuza rauta ya chumbani iache urauta ibaki kua ya kusambaza waifai tu. Zipo rauta zina modi ya aksesi pointi kwenye setingi, ukichagua hiyo umemaliza. Ya kwako ya zamani huenda haina, kwaiyo fanya kwa mkono na ufuate mpangilio huu huu usiruke. Ingia kwenye setingi za rauta ya chumbani ubadilishe anwani yake yenyewe ifanane na ukoo wa ile ya sebuleni, mfano ya sebuleni ikiwa 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.250, hakikisha tu ni namba ambayo haiko kwenye zile ambazo rauta kubwa inagawa. Sevu, ingia upya kwa anwani mpya, zima DHCP, ile huduma ya kugawia vifaa anwani. Ukianza kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani utahangaika kurudi ndani mpaka ujute. Halafu chomoa ule waya unaotoka sebuleni kwenye mlango wa intaneti uchomeke kwenye mlango wowote kati ya ile mingine minne. Zima kila kitu, washa rauta ya sebuleni kwanza, ikishatulia washa ya chumbani, diski, PS4. Diski itapata anwani mpya, PS4 itaitafuta yenyewe, ila laptopu kama ulikua umehifadhi njia ya zamani itabidi uielekeze upya.

Ikigoma bado basi angalia PS4 isije ikawa imeungwa kwenye waifai ya wageni. Hiyo kazi yake ni kuzuia vifaa visionane, wageni wapate intaneti wasichungulie vitu vyako. Rauta nyingine zina hiyo setingi ya kutenganisha vifaa hata kwenye waifai ya kawaida, izime.

Spidi isikutishe. Chukua muvi ya masaa mawili yenye GB 4, ukipiga hesabu ni kama megabiti 4 na nusu kwa sekunde, na hata milango ya waya ya rauta za bei rahisi inatoa megabiti 100. Waifai ndo yenye maringo. PS4 zile za kwanza, nene, zinashika waifai ya 2.4GHz peke yake, Slim na Pro ndo zinashika na ya 5GHz, sasa kama yako nene na majirani wote wana waifai muvi nzito itakua inakwama kwama. Rauta si iko hapohapo sebuleni? Nunua waya wa mita mbili uchomeke PS4 moja kwa moja, usihangaike na waifai.

Haya, muvi zinazogoma. Hilo ni suala jingine kabisa wala halihusiani na rauta. Muvi nyingi zinakuja kwenye faili la aina ya MKV, na MKV ni pakacha tu, unaweza kuliona pakacha kwa nje ukasema nalijua hili kumbe ndani kuna samaki, au mihogo, au vyote. PS4 inalijua pakacha la MKV, ila ndani inataka picha iwe imebanwa kwa mfumo wa H.264 na sauti iwe AAC, MP3 au AC-3. Picha ikiwa ya H.265, ambayo siku hizi watu wanaipenda kwasababu faili linakua dogo, haifungui. Na ile yenye picha bila sauti huenda sauti yake ni ya DTS, ambayo haimo kwenye hizo. Fungua faili kwenye VLC ya laptopu, kwenye menyu ya zana kuna taarifa za kodeki, yaani picha na sauti zimebanwa kwa mfumo gani, utaona mwenyewe. Wengine jina la faili tu linakwambia, ukiona x265 au HEVC ujue hiyo haiendi.

Za hivyo zigeuze kwa HandBrake, ni programu ya bure, chagua MP4 yenye H.264 na sauti AAC, zipange foleni usiku laptopu ikiwa kwenye chaji ulale zako. Ila geuza zile tu mnazoangalia kweli, usijitese na muvi 300 ambazo hakuna atakaezigusa. Kuna watakaokwambia weka seva kwenye diski iwe inageuza papo hapo wakati mnaangalia, ni kweli zipo, ila diski za mtandao za bei ndogo prosesa zake nyepesi mno kwa kazi hiyo, utaishia kuangalia kiduara kinazunguka. Kama una laptopu yenye nguvu basi yenyewe ndo iwe seva, weka programu ya seva kama Plex au Universal Media Server, diski ibaki ya kuhifadhi tu.

Swali: Mambo fundi, niko Lindi mjini. Nimenunua PS5 kwa hela nyingi, haioni diski ya mtandao, wakati PS3 ya mdogo wangu inaiona bila hata kuweka apu. Nimeuziwa feki?

Jibu: Poa dada. Sio feki, ndo walivyoitengeneza. PS3 ilitoka 2006, na 2007 ikaongezewa DLNA ndani kabisa kwenye menyu kwa apdeti, Sony wenyewe walikua kati ya walioanzisha hilo kundi la DLNA mwaka 2003. PS4 ikatoka 2013 bila hicho kitu, watu wakalalamika weeee, wakaja kuiongezea Media Player 2015. PS5 ikatoka 2020 na hawajaiweka, kundi lenyewe la DLNA lilishavunjwa 2017. Mi naona ni uroho tu, wanataka ulipie huduma za muvi za mtandaoni, lakini ndo hivyo.

Njia yako ni Plex. Weka seva ya Plex kwenye diski kama inakubali, au kwenye laptopu, afu daunilodi apu ya Plex kwenye PS5. Kuangalia ndani ya nyumba hulipii. Ila Plex inataka akaunti na intaneti wakati wa kuanza, hapo tofauti na DLNA, kwaiyo iseti siku yenye bando. Na PS3 ya mdogo wako msiitupe, mradi mkumbuke kwamba MKV haitaki kabisa, ipe MP4 au AVI.

Swali: Mimi ni mstaafu niko Mikindani. Diski yangu ina picha zote za familia na harusi za wanangu. Umeme ukikatika ghafla inaumia? Niiache inawaka usiku kucha?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Inaweza kuumia, hasa ikikatikiwa katikati ya kuandika, na mbaya zaidi ni ule umeme unaorudi na kuondoka mara tatu nne mfululizo. Nunua UPS ndogo, lile box la betri linaloshikilia umeme ukikatika, uchomeke diski na rauta tu, tivi usiiweke humo itamaliza chaji upesi. Usiku izime kwa kitufe chake au kwenye setingi uipangie ijizime saa 6, usichomoe waya ukutani. Ikiwaka mwezi mzima, tuseme inakula wati 15, ni karibu uniti 11 za LUKU, na kama mzee uko kwenye ile tarifu ndogo ya mwisho uniti 75 kwa mwezi hizo 11 utaziona. Na hapo Mikindani upepo wa bahari una chumvi, usiiweke dirishani.

Ila mzee nilichostuka ni hilo neno "zote". Picha zikiwa kwenye diski moja hazina pengine zilipo. Hata box la diski mbili zinazofanana ndani halisaidii, akifuta mjukuu zinafutika zote mbili. Tena diski nyingi za mtandao ndani zimepangwa kwa mfumo wa Linux, box likifa ukaichomoa diski ukachomeka kwenye kompyuta ya Windows itakwambia haijafomatiwa, nifomati? Usikubali hata kidogo! Nunua diski nyingine ya nje ya USB, nakili picha, mpe mwanao mmoja akae nayo kwake.

Swali: Nina kibanda cha gemu Nachingwea, Xbox 360 mbili na Xbox One moja. Nataka mchana wateja wa gemu wakiwa hawapo niwawekee watu muvi kutoka diski moja kwenye tivi zote tatu. Inawezekana?

Jibu: Kiufundi inawezekana. Xbox One ina Media Player yake na unaweza kuweka hata VLC, MKV inacheza. Hizo 360 ni kama PS3, MKV hazitaki, zipe MP4. Tivi tatu kwa wakati mmoja achana na waifai, vuta waya kila mashine kwenye swichi moja ya mtandao, kile kisanduku chenye milango mingi ya waya.

Ila kaka, kuangalia nyumbani na kuonesha watu kwenye biashara havifanani. Kibanda umiza kina vibali vyake, pita Bodi ya Filamu na COSOTA, wale wa hakimiliki, kwanza kabla hujanunua hata huo waya.