Friji linapiga shoti, fundi kasema nivae ndala

SWALI: Habari fundi. Nimenunua friji la mtumba kutoka Ujerumani, nauzia barafu za ukwaju hapa nyumbani Morogoro. Plagi yake ina pini mbili za duara, kwa hiyo naichomeka kwa adapta. Linagandisha vizuri, ila nikigusa mlango nikiwa peku linanipiga shoti. Fundi alikuja, akaigeuza plagi juu chini, shoti ikapungua. Akasema friji za Ulaya ndivyo zilivyo, nivae ndala. Ni kweli? Na nikiikata plagi nifunge ya pini tatu, nitaliharibu?

JIBU: Lichomoe kwanza dada, halafu tuongee.

Si kweli. Umeme wa Ujerumani ni volti 230, hezi 50, sawa na huu wetu, kwa hiyo friji halijashangaa chochote lilipofika Morogoro. Kilichobadilika ni kimoja tu: kule lilikuwa na ethi, ile njia ya waya inayoshusha ardhini umeme uliovuja, kwako halina.

Hiyo plagi unayoiita ya pini mbili, itazame ubavuni. Utaona vibati viwili vya chuma, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo ethi yake. Soketi ya Kijerumani ina ndimi za chuma zinazovibana. Adapta yako inapokea pini za duara basi, vibati vinabaki vinagusa plastiki. Waya wa kijani na njano umetoka kwenye bodi la friji, umesafiri mpaka kwenye plagi, ukafia hapo.

Kila friji huvujisha umeme kidogo kwenye bodi, na kompresa ikichakaa huvujisha zaidi. Ethi ikiwepo, umeme huo unashuka ardhini wala hujui, na ukizidi RCD, ile swichi ya usalama inayozima umeme unapovuja, inakata. Isipokuwepo, unasubiri mtu. Sakafu mbichi, mikono imelowa barafu: mtu huyo ni wewe, au mtoto aliyetumwa na shilingi mia mbili. Kugeuza plagi kulibadilisha tu nafasi za waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), ndiyo maana shoti ilipungua isiishe. Aliyekuambia uvae ndala hakutengeneza kitu, alikupa viatu.

Kuikata plagi hakuliharibu friji. Ila kabla ya kukata, likiwa limechomolewa, mtu mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, apime ohm kati ya kibati cha plagi na chuma kisicho na rangi, kwa mfano skrubu ya nyuma. Isome karibu na sifuri. Halafu apime kati ya kila pini na chuma hicho hicho. Hapo usomaji uwe mkubwa sana. Ukiwa mdogo, kuna kitu ndani kinavuja, na plagi mpya haitakiponya. Vipimo vikiwa sawa, funga plagi ya ampea 13, ukiitazama kwa ndani: bluu kushoto, kahawia kulia kwenye fyuzi, kijani na njano kwenye pini kubwa ya juu. Huo wa mwisho uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Kisha zunguka nje ya nyumba utafute chuma cha ethi kilichozamishwa ardhini. Nimeona nyumba nyingi zenye soketi nzuri za matundu matatu, na nje hakuna chuma, au kipo lakini waya wake wa shaba ulishauzwa chuma chakavu.

Sasa nitoe langu la moyoni. Kuna imani kwamba pini ya tatu kazi yake ni kufungua soketi. Ndiyo, inafungua vile vifuniko vya ndani, lakini Waingereza walipoianzisha plagi hii mwaka 1947 hawakuirefusha pini hiyo kwa urembo. Ni ndefu ili iguse kwanza na iachie mwisho, chombo kisipate umeme hata sekunde moja bila ethi. Leo ingia saluni yoyote: mfuniko wa kalamu umekitwa tundu la juu, pini mbili za duara zimesukumwa chini, pasi ya nywele imewaka. Wakiulizwa wanasema mbona chaja ya simu haina ethi. Chaja ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imefunikwa mara mbili na haihitaji ethi. Chaja nyingine pini yake ya tatu ni plastiki tupu. Friji, pasi ya chuma na jiko la umeme havina alama hiyo.

Na wale wanaosema "fyuzi si ipo?" Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue. Binadamu miliampea 30 tu zinaweza kumtosha, na RCD ya nyumbani imepangwa ikate hapo. Kwa fyuzi hiyo wewe utakuwa umeshakufa nayo bado nzima. Halafu kuna wanaoivua na kuizungushia karatasi ya sigara, hao sina la kuwaambia ila wasije kwangu na soketi zilizoyeyuka.

Plagi ya zamani ukishaikata, ipinde pini zake kabla ya kuitupa. Mtoto akiiokota akaichomeka kwenye adapta, nyaya zinazochungulia upande wa pili zitakuwa na umeme kamili.