Gemu la zamani, Windows mpya

SWALI: Nina Prince of Persia ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), ya mwaka 1990, niliyoihamisha kutoka kwenye disketi. Kwenye kompyuta yangu ya Windows XP ilicheza vizuri. Sasa natumia laptop ya Windows 10, nikibofya PRINCE.EXE inaandika kwamba programu haiwezi kuendeshwa humo. Nimejaribu machaguo yote ya Compatibility. Faili limeharibika?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Faili lako ni zima, ndugu yetu. Gemu hilo ni la biti 16, yaani la kompyuta za kizamani. XP ya biti 32 ilikuwa na kipengele kiitwacho NTVDM cha kuendesha programu za DOS. Windows za biti 64, kama inavyoelekea ni hiyo ya laptop yako, hazina kabisa. Compatibility huifanya Windows ijitambulishe kama toleo la zamani tu, hairudishi kilichoondolewa.

Dawa yake ni DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS. Toleo la 0.74-3 halifiki megabaiti 2, hata bando la mwisho wa siku linatosha. Ipakue dosbox.com, si kwingineko. Tengeneza folda C:\MICHEZO, ndani yake PRINCE, kisha nakili humo mafaili yote ya gemu, yale ya .DAT ndiyo yenye picha na sauti. Jina la folda lisizidi herufi 8. Fungua DOSBox, andika haya, ukibonyeza Enter kila mstari:

mount c c:\michezo
c:
cd prince
prince

Wengi hukwama mstari wa kwanza. Kuna c mbili, na katikati yake pana nafasi: ya kwanza ni diski ambayo gemu litaiona, ya pili ni mahali halisi kwenye kompyuta yako. Ukiandika c: na bado unaona Z:\>, mstari huo ulikosewa. Tafadhali usiunganishe (mount) c:\ nzima, maana kitakachofutwa ndani ya DOSBox kimefutwa kweli.

Alt+Enter hujaza skrini. Gemu likivuta miguu, bonyeza Ctrl+F12. Likikimbia, Ctrl+F11 (laptop nyingi hutaka na Fn). Usipandishe kasi ovyo, sauti itakatakata. Kuanzia ngazi ya 3, Ctrl+G huhifadhi mchezo. Ukichoka kuandika mistari ile minne, ibandike mwisho wa faili la mipangilio ya DOSBox, chini ya [autoexec].

Jambo moja ambalo watu hudhani ni hitilafu: baada ya ngazi ya kwanza utaingia chumba chenye chupa zilizowekewa herufi. Huo ni ulinzi dhidi ya nakala za wizi. Gemu linakutajia ukurasa, mstari na neno katika kijitabu chake. Kunywa chupa yenye herufi ya kwanza ya neno hilo. Kijitabu kitunze kama disketi yenyewe.

SWALI: GTA Vice City inasema haioni skrini ya 640x480.
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Bofya kulia gta-vc.exe, Properties, Compatibility. Chagua Windows XP na uweke tiki kwenye 640x480. Ikigoma, futa gta_vc.set ndani ya Documents, folda ya GTA Vice City User Files; hilo ni la mipangilio tu, michezo uliyohifadhi haiguswi. Gemu likifunguka, Frame Limiter (kizuizi cha kasi ya picha) iache imewashwa, kwani ukiizima kwenye kompyuta yenye nguvu magari hushindwa kurudi nyuma sawasawa.