Barua kwa mwanangu: mwache aje na begi kwanza

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda analisahau. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na kwa kuwa mimi nikianza kujirekodi maneno hunipotea njiani, nimeona bora nikuandikie. Mdogo wako ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Umeuliza hivi: mwenzako wa kazini, Katrin, Mjerumani wa Berlin, amechoka na ofisi. Anataka kushuka Kusini na begi mgongoni, azunguke, na akipapenda ahamie Mikindani moja kwa moja. Unataka kujua kama ataweza kuishi huku, au umkatishe tamaa mapema kabla hajaaga kazini. Umeniuliza mimi kwa sababu nilifanya kazi na Wafini, watu wa Finland, katika mradi wa maji, na vyumba vya uani tumewapangisha wageni tangu enzi za gesi, wageni wa kampuni walipojaa Mtwara.

Kuzunguka, aje hata kesho. Kuhamia, asiamue wakati begi bado liko mgongoni. Ni mambo mawili tofauti, na karibu kila mgeni niliyemwona akishindwa huku alikuwa ameyachanganya.

Kuzunguka kwenyewe siku hizi si kazi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki jinsi watu walivyokuwa wakilala kando ya Rufiji pale Ndundu wakisubiri pantoni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na sasa anayepanda basi alfajiri Dar anafika Mtwara siku hiyo hiyo, kilomita mia tano na ushee. Mwambie tu asipange safari kwa dakika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kule Somanga na Kilwa, magari yakalala foleni huku na huku. Akija wakati wa mvua awe na siku za akiba.

Ashuke Nangurukuru aingie Kilwa Masoko. Kabla ya kuvuka kwenda Kisiwani apitie ofisi ya Mambo ya Kale achukue kibali, ndipo atafute mashua. Magofu yale na ya Songo Mnara yako katika urithi wa dunia tangu 1981, na hayana msongamano wa watu kama Zanzibar. Lindi mjini akae siku mbili tatu, avuke ng'ambo ya Kitunda kwa boti, ale samaki. Akiwa pale huenda akataka kwenda Tendaguru kwa kuwa kwao amemwona yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Mwambie mifupa ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu mpaka bandari ya Lindi, na kule Tendaguru kilichobaki ni pori. Mjusi mwenyewe yuko Berlin, mtaa wa pili na kwake. Asishangae basi akikaa barazani na mzee mmoja akamuuliza lini atarudishwa. Hatukani, anauliza.

Halafu aje kwetu, na kutoka hapa aende Msimbati, ambako ufukwe uko ndani ya hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio. Apande Newala aone Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likatandazika chini. Apitie Masasi kwenye majabali, na Ndanda kwa wamisionari, ambako hospitali yao imetibu watu wa Kusini vizazi na vizazi.

Kuna jambo moja usilipunguze makali unapomweleza. Zamani wenye mabegi walikuwa wakifika Mtwara kwa ajili ya kupita tu: wanashuka Kilambo, wanavuka Ruvuma, wanaendelea na Msumbiji. Vitabu vya wasafiri vya miaka ile bado vinaeleza hivyo. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, kuna vita, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mpaka huku kwetu kijiji cha Kitaya. Asiende kuzurura kandokando ya mto. Mtwara mjini, Mikindani na Lindi watu wanaishi maisha yao kama kawaida, lakini mpaka si mahali pa matembezi.

Sasa kuhamia.

Mji huu, mwanangu, una miezi ya kuwadanganya wageni. Juni mpaka Septemba kusi inavuma, usiku unajifunika shuka, maji ya ghuba yanang'aa, Boma la Wajerumani la 1895 limesimama pale mlimani limepakwa chokaa, mibuyu imepukutika majani. Hapo kila mtu anapenda. Anapiga picha na anaanza kuulizia viwanja. Anayefikiria kuhamia namshauri aje Februari. Kaskazi imepoa, joto halitoki ndani hata saa nane za usiku, umeme unakatika feni ikiwa inazunguka, mbu wako kazini, na nguo zilizofuliwa hazikauki. Augue malaria ajue inavyokuwa. Hapana, simwombei ugonjwa, nasema tu Mtwara na Lindi malaria ipo na haichagui. Alale kwenye neti, akisikia homa akapime siku hiyo hiyo asisubiri kesho. Zahanati ipo hapa hapa, hospitali ya Ligula si mbali, na kuna hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo. Akimaliza Februari na bado anacheka, tuzungumze.

La pili ni karatasi. Viza ya matembezi kwa mataifa mengi ni dola 50, na inampa siku 90 za kutembea. Si ya kufanya kazi, hata kazi ya kujitolea. Anayetaka kukaa anahitaji kibali cha ukaazi: daraja A ni la wawekezaji, B la walioajiriwa, C la wengine kama wanaojitolea, watafiti, wanafunzi na wastaafu. Umesema anafikiria kuwatembeza watalii wenzake, au kununua korosho kwa wakulima akauze kwao. Yote mawili yamekatazwa. Amri ya serikali ya 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, na humo kuna kuongoza watalii, kununua mazao shambani, uwakala wa fedha kwa simu na udalali wa nyumba. Na korosho zenyewe zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya ushirika na minada. Anayekwenda na mzani wake shambani ni kangomba, na kangomba hapa kwetu hana heshima hata akiwa raia.

Kiwanja cha ufukweni ndicho kinachowaliza wengi. Watu watamwonyesha, tena kwa bei nzuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na ndani ya mita 60 kutoka baharini hairuhusiwi kujenga nyumba ya kudumu. Nimemwona mtu akitoa fedha za kiinua mgongo chake kwa ahadi ya mdomo na karatasi yenye saini ya kalamu ya bluu. Aliyemuuzia tunasalimiana naye mpaka leo. Kwa hiyo apange, asinunue. Na siku ya kwanza nitamfikisha mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, maana mgeni akijulikana alipolala, kuna mengi hayamfiki.

Wazee wa Msimbati walikuwa wakisimulia habari za Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejenga kule wakati wa ukoloni, akapapenda kupita kiasi, akatangaza kwamba Msimbati ni nchi yake na yeye ndiye sultani. Bendera alikuwa nayo. Uhuru ulipokuja serikali haikuona kichekesho hicho, ikamwondoa. Kila nikimwona mgeni anasema "ufukwe wangu", namkumbuka yule.

Lakini karatasi na joto havijamshinda mtu mwenye nia. Kinachowashinda sijakiona kwenye vitabu vyao, nimekiona hapa uani kwangu.

Katika Wafini alikuwepo fundi mmoja wa pampu, mtu wa maneno machache hata kwa lugha ya kwao. Uwanda wa Makonde unaujua, juu kule maji ni taabu, wanawake walikuwa wakishuka bondeni usiku na kurudi jua limechomoza. Yule bwana Kiswahili chake kilikuwa cha kubomoka, Kimakonde ndiyo kabisa. Lakini pampu ikikwama kijijini, mtoto alitumwa kwake kabla ya kutumwa kwetu sisi watu wa idara. Tulichukia kidogo, sikufichi. Akisikia msiba alikuja, akakaa mkekani na wanaume, akala alichopewa, hakutazama saa. Hakutoa hotuba. Alipolazwa na malaria, majirani walimpelekea uji, na wakamgombeza kwa kunywa dawa akiwa na njaa. Mkataba wake ulipokwisha aliomba aongezewe.

Wakati wa gesi tuliona watu wa namna nyingine. Unakumbuka 2012, 2013, Shangani kodi ilivyopanda mpaka walimu wakahamishwa vyumba, hoteli zikaota, kila mwenye nyumba akawa anasubiri mzungu. Wengi wa wageni wale walikuwa watu wazuri tu. Waliishi ndani ya uzio, walikwenda kazini kwa gari la kampuni, chakula chao kingine kilitoka Dar. Bomba likakamilika, shughuli zikapungua, wakaondoka, na sidhani kama soko la Chikongola walilijua ndani. Sina la kuwalaumu, hawakusema wamehamia. Walikuja kazini.

Wale walionisikitisha ni mke na mume waliopanga chumba chetu baada ya hapo. Walikuwa na pesa za kuwatosha, walipenda bahari, walipenda mama yako anavyopika kisamvu. Hawakuibiwa, hawakuugua sana. Asubuhi wanaogelea, mchana wanasoma, jioni wanatazama majahazi. Mvua za pili hazijaisha wakafungasha. Nilikuja kuelewa baadaye: hapakuwa na mtu hata mmoja Mikindani ambaye angepungukiwa na kitu wasipoamka kitandani. Muuza samaki angemuuzia mwingine. Mtu anaweza kuvumilia joto na giza na kuitwa "mzungu" kila kona, lakini kukaa mahali ambapo haulizwi "jana ulikuwa wapi?", hilo likizidi linamwondoa.

Kwa hiyo muulize Katrin hivyo, kabla hujamuuliza ana akiba kiasi gani: atafanya nini huku ambacho mtu atakingoja? Umesema kwao alisomea uuguzi kabla ya kuingia ofisini. Basi hapo pana kitu. Aandike kwa vituo vya afya au mashirika yanayopokea wanaojitolea, wamwombee kibali kwa njia halali, na aje akiwa na kazi. Akija kwa ajili ya machweo tu, nampa mvua mbili.

Mengine ni madogo. Avae nguo za kufunika mabega na magoti akiwa mjini, Mikindani ni mji wa Waislamu, na wakati wa Ramadhani asile barabarani mchana. Akipita barazani asalimie yeye kwanza, shikamoo haimpunguzii kitu. Ataombwa michango ya harusi na misiba; hiyo ndiyo dalili kwamba ameonekana, atoe kidogo lakini afike mwenyewe. Ataitiwa bei ya mgeni sokoni, apunguziwe kwa kucheka asipunguziwe kwa hasira. Usiku asitembee ufukweni peke yake na simu mkononi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, pesa zinaingia, muziki hauzimwi, na uraka, pombe ya mabibo, umejaa. Uraka aonje kama anakunywa. Nipa, ile kali ya kukeneka, asiiguse. Na akibahatika kualikwa kwenye ngoma ya unyago, mama yako atamsindikiza na simu itabaki nyumbani. Mimi huko siingii, kwa hiyo sina la kueleza zaidi.

Chumba cha uani kitakuwa wazi mwezi ujao, neti nimeshanunua mpya. Bei ni ile ya wapangaji wote. Usiniombee punguzo, mwenye kupanga bei ni mama yako. Yeye amekaa hapa pembeni anasubiri nimalize ili aulize lake: huyo Katrin anakula pweza? Kama hali, useme mapema, maana ming'oko, mizizi yetu ya porini, si ya kumpa mgeni siku ya kwanza, na kuku wake amesema wote wanataga.

Ni mimi baba yako.