Okonomiyaki nzito katikati: punguza unga

Dada, umesema okonomiyaki yako, ile chapati nene ya kabichi ya Kijapani, inaungua nje huku ndani ikibaki mbichi na nzito. Nadhani unaitengeneza kama chapati za maji: unga mwingi, kabichi kidogo. Hapa kabichi ndiyo chakula chenyewe, unga ni wa kuishikilia tu. Kwa watu wawili tumia kabichi gramu 300, unga wa ngano gramu 100, mayai 2 na mililita 100 za dashi, ile supu ya mwani na samaki mkavu.

Kabichi ikatwe ndogondogo, si nyuzi ndefu kama za kachumbari. Koroga kwanza unga na dashi. Ukipata nagaimo, kiazi kikuu cha Kijapani, kikune humo. Ute wake ndio unaoleta ule wepesi. Kabichi na mayai viingie mwishoni kabisa, uchanganye kidogo tu.

Moto uwe wa wastani. Mimina unene wa sentimita 2, tandaza juu vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe (asiyekula aweke kamba), funika dakika 5, geuza, dakika 5 nyingine. Na tafadhali usiikandamize kwa mwiko! Hapo ndipo wengi wanapoiharibu.

Huo ni mtindo wa Osaka. Ule wa Hiroshima, wa tabaka na tambi, uache kwanza mpaka mkono uzoee kugeuza.